Kashata ya oti: dakika nne, na oveni huna

Wasee, wacha niongee kuhusu zile baa za nafaka wanazopanga karibu na keshia kwenye supamaketi. Unazijua. Karatasi ya kijani, picha ya jani, maneno ya kukuambia ni asili tupu, na bei ya shilingi 150 au zaidi kwa kitu unauma mara nne kimeisha. Geuza nyuma usome viungo. Oti, sharubati ya sukari, matunda makavu kidogo, mafuta, chumvi. Hakuna siri pale ndani. Unalipia karatasi na ile hisia ya kuwa mtu anayejijali.

Mimi naona hiyo ni kuibiwa kwa upole. Hicho chakula kinatengenezeka kwa bedsitter, kwa maikrowevu ya mtumba, katika muda wa kusubiri maji ya chai yachemke, na kinatoka kitamu kuliko cha dukani. Nimekuwa nikikifanya kila Jumapili jioni kwa miezi kadhaa sasa, na sababu kubwa ni sista yangu mdogo. Nitafika hapo.

Kwanza jina. "Baa" kwa Kiswahili ni mahali pa kulewa au ni balaa, chagua moja. Mche ni wa sabuni. Mimi naita kashata, na sijaona sababu ya kutafuta jina lingine. Ukienda Mombasa jioni ukae na mzee wa kahawa chungu, kile kipande kitamu kinachouzwa hapo pembeni ni kashata: sukari imeyeyushwa, nazi iliyokunwa au njugu zimetiwa ndani, hiliki kidogo, ikamwagwa kwenye sinia, ikalazwa, ikakatwa kabla haijagandamana kabisa. Watu wa Pwani wamekula hivyo kabla mtu hajafikiria kuuza "nishati" kwenye karatasi ya kijani. Waingereza nao wana yao wanaiita flapjack, ambayo ni oti, siagi, sukari na sharubati, zote kwa oveni. Ukiangalia vizuri ni wazo lile lile: nafaka au njugu, kitu cha kunata, sinia, kisu. Kwa hivyo mtu asikuambie eti unakula chakula cha wazungu. Oti ndiyo imetoka mbali. Kashata iko nyumbani.

Na kuhusu oti, kuna kamusi zinakuambia ni shayiri. Usiende dukani ukaitishe shayiri, hiyo ni ile ya kutengenezea bia. Itisha tu oats, mwenye duka anajua. Chukua zile zilizopondwa zikawa bapa. Zile zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kupondwa, ndiyo maana dakika chache zinatosha. Oti nzima, ile punje ngumu, itakutoa jino.

Kitu kinachoniudhi kwa video nyingi za wenzangu, na nasema hivi nikiwa mmoja wao, ni orodha ya vitu. Blueberry. Maple syrup. Mbegu za chia. Siagi ya lozi. Alafu "washa oveni kwa nyuzi 180". Oveni gani? Nusu ya watu wanaotuangalia wanapikia meko ya gesi ya kilo 6 karibu na kitanda. Mtu anaangalia hiyo video, anahesabu, anafunga simu, anaenda kununua smokie. Si uvivu. Ametengewa nje ya mlango na watu wanaosema wanamkaribisha. Na wakati huo huo, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, embe za Makueni zinaiva kwa mpigo mpaka bei inaanguka na nyingine zinaozea chini ya mti. Mama mboga wangu naye ana ndizi zimeshika madoa meusi ambazo hakuna mtu anataka.

"Kastama, hizi zimeiva sana, chukua zote thelathini."

Hizo ndizo nataka, mathe. Ndizi ikishika madoa, wanga wake mwingi umeshageuka sukari. Inapondeka kwa uma na inakuokolea asali. Ile ya kijani-njano nzuri ya kupiga picha haifai hapa.

Sasa sinia moja, vipande 8. Vikombe viwili vya oti, kama gramu 180. Ndizi mbili zilizoiva vibaya sana. Vijiko vitatu vya mezani vya siagi ya karanga. Vijiko viwili vya asali. Tende nane, utoe kokwa na kukatakata. Konzi ndogo ya zabibu kavu au embe iliyokaushwa. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na usiiruke, bila chumvi inakuwa chakula cha mtoto. Ukiwa na hiliki au mdalasini, weka.

Kama una gesi, anza kwa kukaanga oti kavu kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga, mpaka zinukie kama njugu. Dakika nne au tano. Hii si lazima, lakini ndiyo tofauti kati ya kitu unakula kwa sababu ni afya na kitu unaamka usiku kukitafuta. Maikrowevu haijui kugeuza chakula kuwa rangi ya kahawia. Inapasha maji yaliyo ndani ya chakula, na mradi kuna maji joto linakwama karibu na nyuzi 100. Ile rangi na harufu ya kuchomwa inahitaji joto zaidi ya hapo na sehemu iliyokauka. Kwa hivyo hiyo kazi ifanye kabla, kwa sufuria.

Alafu weka siagi ya karanga na asali kwenye bakuli la glasi, sekunde 30 hadi 40 kwa maikrowevu, zilegee. Ponda ndizi humo. Tia oti, tende, zabibu, chumvi. Changanya mpaka usione oti kavu. Weka karatasi ya kuokea kwenye bakuli bapa la glasi, au lipake mafuta kidogo, kisha mwaga na ukandamize kwa nguvu na mgongo wa kijiko. Kwa nguvu kweli. Usipokandamiza unapata kitu cha kula na kijiko, ambacho ni kitamu pia, lakini hakiingii mfukoni. Unene uwe sentimita mbili hivi, na katikati pawe pembamba kidogo kuliko pembeni, kwa sababu pembeni na kwenye kona hupata moto zaidi.

Dakika tatu. Angalia. Ikiwa juu bado panang'aa kwa unyevu, ongeza dakika moja. Yangu ni ya wati 800 na hutaka nne. Ya wati 700 itataka kama nne na nusu. Usiongeze ongeze ukidhani itakauka kama biskuti, maana utapata mpira pembeni na uji katikati. Ikitoka itaonekana laini na utafikiri imekataa. Iache. Ndiyo sehemu ngumu kwa watu wa umri wetu: iache saa nzima ipoe, ikandamize tena ikiwa vuguvugu, ndipo ukate. Na usiionje ikitoka tu. Asali na tende zinashika moto kuliko unavyodhani, zitakuchoma ulimi wiki nzima.

Vyombo sasa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibu. Ule mkebe wa aiskrimu wa mwaka juzi ambao kila nyumba ya Kenya unahifadhi maharagwe, hapana. Haukutengenezwa kwa huo moto. Sahani za melamini, zile ngumu za plastiki zenye maua, pia hapana. Zenyewe zinashika moto na zinaweza kupasuka, na melamini inaweza kuingia kwenye chakula. Sahani ya enameli inaonekana kama kauri lakini ndani ni chuma, utaona cheche. Glasi nene au kauri isiyo na mstari wa dhahabu, basi.

Swali la hatari linaniletea mum. Akikuja kunitembelea anasimama karibu na mlango mpaka ile kengele ilie.

"Hiyo kitu inatoa mionzi, baba. Mtapata saratani mkiwa wadogo."

Sikucheka, kwa sababu neno mionzi linatisha na hakuna mtu alimweleza. Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu ya mawimbi ya redio. Yanazunguka mara bilioni 2.45 kwa sekunde, karibu sawa na ya wifi nyingi za plotini. Yanasukuma molekuli za maji zicheze, msuguano unakuwa joto. Hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei inavyoweza, na ukizima, yameisha, chakula hakibaki na kitu. Wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 hivi, na yale matundu madogo kwenye wavu wa mlango hayaliruhusu kupita. Mlango ukiwa umepinda au haufungi vizuri, hiyo ni hadithi nyingine, usiitumie. Nilimwambia pia hadithi ya Percy Spencer, fundi wa rada Marekani aliyeona mwaka 1945 kipande cha chokoleti kimeyeyuka mfukoni akiwa karibu na mtambo. Mum akasema huyo alikuwa na bahati ni chokoleti tu. Bado anasimama mlangoni, lakini anakula.

Hesabu ya stima nimeifanya kwa sababu tokeni zinaniuma kama zinavyokuuma. Ile namba ya wati iliyo mbele ni nguvu inayoingia kwa chakula. Ukutani inavuta zaidi, yangu nyuma imeandikwa wati 1200. Dakika nne za hiyo ni uniti 0.08, ambayo haifiki shilingi 3. Oveni ya umeme ya wati 2000, ukihesabu kuipasha na kuoka, inaweza kufika karibu uniti nzima kwa sinia hiyo hiyo.

Vitu vyenyewe: nilivyonunua mara ya mwisho, ukigawa kila pakiti kwa kiasi nilichotumia, sinia lilinigharimu kama shilingi 240. Hiyo ni 30 kwa kipande. Na hapa nitakuwa mkweli hata kama inaharibu hoja yangu: mandazi mbili na chai ya maziwa kibandani haiko mbali na hapo, na kama una dakika 10 za kukaa kwenye benchi na chai moto asubuhi, nenda ukae. Sina vita na mandazi. Hata KDF naiheshimu. Kashata hii inashindana na ile baa ya 150, na inashindana na kutokula kabisa. Ukitaka kushusha bei, toa asali uweke sukari nguru iliyoyeyushwa na maji kidogo, na badala ya zabibu weka njugu za kuchoma ulizoponda.

Njugu zenyewe, angalia. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu, na hiyo sumu haiishi kwa kupikwa, iwe maikrowevu au jiko la makaa. Njugu iliyokunjamana, yenye uchungu au harufu ya stoo, itupe. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali.

Je, ni afya? Ni chakula. Kipande kimoja ni karibu kalori 200, nyingi zikiwa za oti na matunda, na sukari ya tende bado ni sukari hata ikiwa imetoka kwenye mti. Oti ina beta-glukani, nyuzi zinazonyonya maji na kuwa kama ute tumboni, ndiyo maana unashiba muda mrefu. Ile habari ya kushusha kolesteroli ni ya kweli lakini inataka gramu 3 za hizo nyuzi kwa siku, kama gramu 75 za oti, kila siku. Kipande kimoja hakikufikishi hapo. Mtu akikuuzia kama dawa, mwulize kwa nini imewekwa karibu na peremende.

Kuhifadhi ndiko kulinifanya niwe na aina mbili. Ile ya ndizi ina maji. Kwa friji inakaa siku nne, tano. Bila friji, ile kabati ya Nairobi yenye joto, kula ndani ya siku mbili. Kwa hivyo kama huna friji acha ndizi: chukua tende 20, zimwagie maji moto kidogo dakika 10, ponda ziwe kama jemu, ndizo zifanye kazi ya kunata. Hiyo ni kavu zaidi, inakaa vizuri wiki, na kwangu mimi ndiyo tamu zaidi. Wakati wa Ramadhani tende zinajaa kila kona Eastleigh, mimi hununua za kunitosha miezi. Embe mbichi usijaribu kutia, zina maji mengi mno. Iliyokaushwa tu.

Sasa sista. Anasomea mambo ya maabara, na mwaka huu yuko atachimenti kwenye hospitali moja upande wa pili wa mji. Halipwi. Kwa kweli analipa yeye, kuna ada ya kukubaliwa, usiniulize kwa nini mtu analipa ili afanye kazi. Anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Nauli asubuhi ni 100, na ikinyesha hata tone moja makanga anasema 150. Tulikuwa tunampa pesa ya siku, mimi na mum, na tulidhani inatosha. Nilikuja kujua hali kwa bahati tu, siku aliyorudi mapema kwa sababu aliona giza akishika sampuli na wakamkalisha koridoni.

Nikamwuliza alikula nini. Akaniangalia kama nimeuliza ameolewa lini.

"Bro, nikikula asubuhi sina nauli ya kurudi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema vile mtu anakuambia leo ni Jumanne. Na nikikumbuka campo, kabla sijaacha, darasa la asubuhi lilikuwa limejaa watu wa hivyo, mimi nikiwemo. Tulikuwa tunaita kufunga. Wengine walikuwa wanaita diet. Tumezoea kuona kijana hajala mpaka saa nane na kusema ni maisha ya kujipanga. Hakuna kujipanga hapo, ni hesabu ya nauli.

Kashata haiwezi kutatua atachimenti isiyolipa. Ningependa sana kuandika kwamba ilitatua. Ilichofanya ni kutoa kitu kimoja kwenye ile hesabu: chakula cha asubuhi kiko ndani ya mkoba tayari, kimelipiwa tangu Jumapili, hakiwezi kubadilishwa kuwa nauli. Hiyo ndiyo tofauti na kumpa 50 zaidi mkononi. Ile 50 ingekuwa nauli pia, nawajua watu wa nyumbani kwetu. Anakula kimoja kwenye matatu gari likikwama, kingine saa nne wakipewa mapumziko. Hahitaji sahani, hahitaji maji ya moto, haimwagiki kwenye koti jeupe. Uji wa wimbi ungemfaa zaidi mwilini pengine, lakini jaribu kunywa uji ukiwa umesimama kwenye matatu Thika Road.

Wiki mbili baadaye akaniambia nifanye masinia mawili. Kuna wenzake watatu wa atachimenti walikuwa wanaangalia mfuko wake. Mimi, mtu wa biashara, nikauliza wanalipa ngapi. Aliniangalia vile mum huangalia mtu.

Tukafika kwenye mpango. Mmoja analeta siagi ya karanga, mama yake anasaga mwenyewe huko Busia. Mwingine anatuma 50 ya tokeni kila Ijumaa, ambayo ni nyingi kuliko stima ninayotumia, lakini nimenyamaza. Wa tatu bado hajaleta kitu. Sista anasema tumwache, huyo nauli yake ni ya matatu mbili.